Si Kila Jani ni Dawa kwa Kuku Wako

Huenda yai ulilolila asubuhi ya leo lilitagwa hatua chache tu kutoka kitandani pako. Katika mitaa ya Nakuru kama vile Kiamunyi, Lanet na Free Area, na katika miji jirani ya Njoro, Molo na Gilgil, familia nyingi zimejenga vibanda vya kuku nyuma ya nyumba. Wengine wana kuku 20, wengine 50, wengine hata 200. Humo ndimo hutoka karo ya shule, na humo ndimo hutoka kitoweo cha Jumapili mgeni anapobisha hodi.

Ukichungulia ndani ya vibanda hivyo, utaona kwamba mara nyingi maji ya kuku hayana rangi ya maji tena. Mengine yamegeuka kijani kwa sababu ya shubiri iliyokatwakatwa na kulowekwa usiku kucha. Mengine yana wekundu wa pilipili, na mengine yananuka kitunguu saumu kutoka mlangoni. Katika maduka ya agroveti nako, chupa na pakiti zenye picha ya jani zimejaa rafuni, kila moja ikiahidi mayai mengi, nyama nzito na kuku wasiojua ugonjwa. Neno linalopendwa zaidi katika pakiti hizo ni "asilia".

Je, neno hilo linatosha kukufanya umpe mtoto wako yai bila wasiwasi? Hilo ndilo swali tutakalolichambua leo. Jibu kwa ufupi ni hili: mimea inaweza kuwafaa kuku, na mingine inawafaa kweli, lakini kutoka shambani si cheti cha usalama. Usalama hutokana na kujua ni mmea gani, ni sehemu gani ya mmea huo, ni kwa kiasi gani, na ni nani aliyeupima.

KWA NINI WATU WAMEKIMBILIA MIMEA?

Mwishoni mwa miaka ya 1940, wanasayansi wa Marekani waligundua kwamba vifaranga waliolishwa mabaki ya kutengenezea dawa za antibayotiki walikua haraka kuliko wenzao. Ugunduzi huo ulienea duniani kama moto wa nyikani. Kwa miaka mingi wafugaji waliwachanganyia kuku antibayotiki kidogo kidogo kila siku, si kwa sababu walikuwa wagonjwa, bali ili wanenepe.

Madhara yalikuja baadaye. Bakteria wanaozoea dawa kidogo kidogo hujifunza kuishinda, na bakteria hao hawabaki katika kibanda cha kuku. Huingia katika nyama, katika maji na mwishowe katika mwili wa binadamu. Ndipo mgonjwa anapopewa dawa hospitalini na isimsaidie. Uswidi ilipiga marufuku antibayotiki za kunenepesha mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kabisa tarehe 1 Januari 2006. Marekani ilikomesha mwaka 2017 matumizi ya kunenepesha mifugo kwa dawa ambazo ni muhimu katika kutibu binadamu. Hapa Kenya, serikali ilizindua mwaka huo huo wa 2017 mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa.

Mlango mmoja ulipofungwa, mwingine ulifunguliwa. Makampuni ya vyakula vya mifugo yaligeukia mimea yenye uwezo wa kuzuia bakteria: oregano, zaatari, mdalasini, karafuu, kitunguu saumu. Mafuta ya kunukia yaliyomo katika mimea hiyo huua bakteria wengi katika maabara. Ndani ya tumbo la kuku, hata hivyo, matokeo hutofautiana kutoka utafiti mmoja hadi mwingine, kwa kuwa chakula, umri wa kuku na usafi wa kibanda navyo vina usemi.

Kwa hiyo, msomaji, nia ya kuacha kuwalisha kuku antibayotiki ovyo ni njema, na anayekuambia uendelee nazo anakupotosha. Lakini nia njema haiondoi haja ya kuuliza maswali.

FUNZO LA PARETO

Wakazi wa Nakuru hawana haja ya kwenda mbali kutafuta funzo. Mji huu, uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ulijengwa kwa sehemu na ua moja dogo jeupe. Pareto iliingia Kenya mwaka 1928 na kustawi katika nyanda za juu za Molo, Elburgon na Mau Narok. Maua hayo yaliletwa kiwandani Nakuru kukamuliwa kiini chake, na kuna miaka ambapo Kenya ilitoa sehemu kubwa ya pareto yote iliyouzwa duniani.

Pareto ni mmea halisi, asilia kabisa. Lakini pia ni sumu. Hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu hadi akaanguka akitapatapa. Sababu inayotuwezesha kuipuliza nyumbani ni kwamba mwili wa binadamu na wa ndege huivunjavunja upesi, na jua huimaliza nguvu. Samaki na nyuki hawana bahati hiyo, nao hufa kwa kiasi kidogo sana.

Mfugaji anayempaka kuku unga wa pareto ili kuua chawa na viroboto anatumia sumu iliyochunguzwa kwa miaka mingi, ambayo kiasi chake kinajulikana. Hapo ndipo usalama wake ulipo. Na hata hivyo, hapaswi kuoshea vyombo vyake mtoni au karibu na mizinga ya nyuki. Tukikumbuka hayo kuhusu pareto, mbona tuyasahau tunapoona jani jingine?

MAJANI YENYE SIRI

Chukua komfri, mboga ile ya majani mapana yenye vinyweleo ambayo wafugaji wengi wa kuku na sungura huipanda kando ya nyumba. Inastawi upesi, ina protini, na kuku huipenda. Lakini ndani yake mna kemikali za kundi la alkaloidi ambazo huharibu ini polepole, bila dalili za mapema. Mwaka 2001 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliwataka watengenezaji waondoe madukani vidonge na dawa za kunywa zilizotengenezwa kwa komfri. Alkaloidi za kundi hilo zinaweza kuingia katika mayai pia. Huko Australia, kuku waliokula ngano iliyochanganyika na mbegu za magugu yenye sumu hiyo walitaga mayai yaliyokutwa nayo. Jani moja la komfri halitaua kuku. Lakini kuwapa kila siku, mwaka mzima, wakati mayai yanaliwa na watoto wako, ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Shubiri nayo ina sehemu mbili. Ute mweupe wa katikati ni mpole, lakini maji ya manjano yaliyo chini ya ganda huendesha tumbo. Mfugaji anayekata jani zima na kulitumbukiza katika maji anawapa kuku dawa ya kuharisha pamoja na ule ute. Kuku anayehara hupoteza maji, hupunguza kutaga, na mwenyewe hudhani ni ugonjwa, akaongeza shubiri!

Avokado inapendwa Nakuru kama ugali. Lakini majani, maganda na mbegu zake zina kemikali iitwayo pesini ambayo inaweza kudhuru misuli ya moyo wa ndege. Mabaki ya avokado yapeleke kwenye shimo la mbolea.

Halafu kuna mnanaha, gugu lenye maua meupe kama tarumbeta na matunda yenye miiba, ambalo huota katika mashamba ya mahindi na kando ya mazizi. Mbegu zake zikisagwa pamoja na nafaka hazionekani tena. Mwaka 2019, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, watu 5 walifariki na mamia kuugua baada ya kula unga wa lishe wa msaada uliokuwa umeingiwa na sumu ya mmea wa aina hiyo. Hao walikuwa watu, wenye midomo ya kusema wanaumwa wapi. Kuku hana.

KUKU HASEMI

Wafugaji wengi hupima usalama kwa kumtazama kuku: "Mbona anakula bila shida?" Pilipili inaonyesha kwa nini kipimo hicho hakitoshi. Wewe ukitafuna pilipili kichaa utatokwa na machozi, lakini kuku hudonoa kana kwamba ni mahindi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walieleza sababu. Kipokezi cha mishipa kinachohisi ukali wa pilipili kwa binadamu na panya, kwa ndege hakiitikii ukali huo. Mmoja wa watafiti hao, David Julius, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi yake kuhusu hisi za joto na maumivu.

Maana yake kwako ni kwamba ulimi wa kuku si maabara. Anaweza kula kitu kwa hamu na bado kikamdhuru, au kikapita katika mwili wake hadi katika yai.

Usisahau pia anayechanganya. Unga wa pilipili na mafuta makali ya kunukia huchoma macho, ngozi na mapafu. Mara nyingi kazi hiyo hupewa mtoto aliyerudi shule. Mfunike pua na mdomo, avae glavu; bora zaidi, ifanye mwenyewe ukiwa umejikinga hivyo.

KIGANJA SI MIZANI

Sasa tufanye hesabu kidogo, na wanafunzi watusaidie. Kuku mmoja wa mayai hula takriban gramu 120 za chakula kwa siku. Mama mwenye kuku 200 atahitaji gramu 24,000, yaani kilo 24. Tuseme amenunua kiongezi cha mimea ambacho pakiti yake inasema gramu 500 kwa kila tani moja ya chakula. Tani ni kilo 1,000, kwa hiyo kila kilo ya chakula inahitaji nusu gramu. Kilo 24 zitahitaji gramu 12 tu.

Gramu 12 ni kidogo mno machoni. Mama anaona haya kutia kidogo hivyo, anachota kiganja kizima. Kama kiganja hicho kina gramu 60, kuku wake wamepata mara tano ya kipimo. Na akichanganya kwa sepetu sakafuni, kuku wa kona moja atapata mara kumi na wa kona nyingine asipate kitu.

Dawa yake ni rahisi. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Changanya kwanza kiongezi na kilo moja ya chakula, kisha hiyo kilo moja uichanganye na kilo tano, ndipo umalizie na gunia lote. Gunia la kilo 70, kwa mfano wetu, litahitaji gramu 35.

Ukitumia maji, kuna mtego mwingine. Katika hali ya hewa ya baridi, kuku hunywa maji yenye uzito wa kama mara mbili ya chakula alichokula. Jua likiwa kali anaweza kunywa mara mbili ya hapo au zaidi. Kwa hiyo dawa iliyopimwa kwa asubuhi ya baridi kule Molo, ikipelekwa hivyo hivyo Marigat kwenye joto la Baringo, itamfikia kuku kwa wingi maradufu. Mfugaji hajabadilisha kitu, ila jua limembadilishia kipimo.

MAYAI YA ULAYA, MWAKA 2017

Huenda ukasema kwamba wewe hutengenezi chochote nyumbani, unanunua chupa iliyofungwa vizuri. Basi sikiliza yaliyotokea Uholanzi na Ubelgiji mwaka 2017.

Wafugaji wa huko walikuwa wakisumbuliwa na utitiri mwekundu, mdudu anayefyonza damu ya kuku usiku. Ikatokea kampuni iliyopulizia mabanda dawa iliyosemekana kuwa ya mimea, yenye mikaratusi na mentoli. Utitiri ulikufa kwa namna ya ajabu. Wafugaji walifurahi na kuambiana. Kumbe ndani yake mlikuwa mmetiwa fipronili, sumu ya wadudu isiyoruhusiwa kabisa kwa wanyama wanaoliwa. Sumu hiyo ilionekana katika mayai. Mashamba yakafungwa, mamilioni ya mayai yakaharibiwa, na bidhaa zilizoguswa zikapatikana katika nchi nyingi. Mwaka 2021 mahakama ya Uholanzi iliwahukumu kifungo wakurugenzi wawili wa kampuni hiyo.

Mikaratusi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kuamini jani lililochorwa kwenye chupa bila mtu kupima kilichomo. Na kama jambo hilo lilitokea katika nchi zenye maabara kila mji, sisi tuna sababu gani ya kutofungua macho? Dawa ya mimea inayofanya kazi kwa namna ya ajabu kupita kiasi ndiyo inayofaa kuulizwa maswali zaidi.

USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, huenda isiwe sumu yoyote. Ni imani kwamba ukiwa na shubiri na pilipili huhitaji chanjo.

Mdondo, ugonjwa unaojulikana pia kama Newcastle, huletwa na virusi, na unaweza kufagia karibu kuku wote wa boma wasiochanjwa kwa siku chache. Hakuna tiba yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, Tanzania, ulijaribu maji ya aina moja ya shubiri mwitu, ambayo humea hata Baringo, kwa kuku walioambukizwa mdondo. Vifo vilipungua, lakini havikukoma. Hiyo ni habari njema kwa sayansi, ila si sababu ya kutupa chanjo. Chanjo ya mdondo hutengenezwa hapa hapa Kenya na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI, na dozi ya kuku mmoja ni ya bei ndogo kuliko yai analotaga.

MASWALI MANNE

Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2003 inataka kila kiongezi cha chakula cha mifugo, kiwe cha mmea au cha kiwandani, kichunguzwe kabla ya kuuzwa. Wachunguzi huuliza mambo manne ambayo hata wewe unaweza kuyauliza ukiwa umesimama mbele ya kaunta ya agroveti.

Kwanza, je, ni salama kwa kuku mwenyewe, na kwa kiasi gani? Pili, je, ni salama kwa anayekula yai na nyama. Kuna siku za kungoja kabla ya kula au kuuza? Tatu, je, ni salama kwa anayechanganya? Nne, kinyesi na maji machafu yakienda shambani au mtoni, yatadhuru nini?

Hapa kwetu, Shirika la Viwango, KEBS, lina viwango vya vyakula vya kuku, na dawa za mifugo husajiliwa na Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, VMD. Bidhaa inayodai kutibu ugonjwa ni dawa, hata kama imetengenezwa kwa majani matupu, nayo yafaa iwe na usajili. Tafuta nambari hiyo kwenye pakiti, jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo, kipimo na tarehe ya kuisha. Pakiti isiyo na hayo, iache kaunta.

Kwa mimea unayochuma mwenyewe, chukua hadhari hizi. Tumia ile tu unayoijua kwa hakika. Kitunguu saumu, tangawizi na mboga za majani ambazo familia yenyewe hula ni mahali pazuri pa kuanzia, na kwa kiasi kidogo, kwani hata kitunguu saumu kikizidi yai hubadilika ladha. Usichanganye mitano sita kwa wakati mmoja, maana kuku akiugua hutajua ni upi uliomdhuru. Andika katika daftari siku uliyoanza, kiasi ulichotia na idadi ya mayai kabla na baada. Acha kuku wachache bila kiongezi uwalinganishe. Usipoona tofauti baada ya wiki kadhaa, umeokoa pesa zako.

Kuku wakianza kufa, usiwatupe wala kuwapika. Mpeleke mmoja kwa daktari wa mifugo au kwenye maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo iliyoko Nakuru, wampasue waangalie. Aidha, Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro kina wataalamu wa lishe ya mifugo, na kituo cha KALRO cha Naivasha kinashughulika na kuku wa kienyeji walioboreshwa. Wataalamu hao wanalipwa kwa kodi yako, watumie.

Na wewe unayenunua mayai dukani, muulize anayekuuzia kuku wake wanakula nini. Usidanganywe na kiini cha manjano sana. Rangi hiyo hutokana na majani, mahindi ya manjano au kiongezi cha rangi kilichokamuliwa kutoka maua, na peke yake haithibitishi kwamba yai lina lishe zaidi wala kwamba ni salama zaidi.

Muuzaji akikuambia, "Hii ni asilia tu, haina neno," mwulize yale maswali manne, moja baada ya jingine. Akiyajibu, nunua na upime kwa mizani. Akishindwa, beba pesa zako ukanunue chanjo.